Bula Matari, Mtu Aliyeuandika Msitu Wetu

Ye yote kwenu aliyepata kuitazama ramani ya Ituri ameona kaskazini-mashariki ya Bunia maneno ya Kifaransa, Monts Bleus, maana yake Milima ya Buluu. Walendu na Wahema waliozaliwa katika milima ile, wanaolima na kuchunga ng'ombe juu yake, wajua vema kwamba haina ubuluu wo wote. Ni milima ya majani na mashamba. Jina hili lilitoka wapi? Mwaka 1864 Mwingereza mmoja, Samuel Baker, alifika ng'ambo ya Ziwa Albert, upande wa Bunyoro, akatazama magharibi juu ya maji. Kila mlima ulio mbali huonekana wa buluu, ndivyo macho yetu yalivyoumbwa. Baker akaandika alichokiona, kitabu chake kikapigwa chapa London mwaka 1866, na tangu hapo milima ile ikachukua rangi ya macho ya mtu ambaye hakuikanyaga. Siku zilezile Baker alitazama kusini pia, asione mwisho wa maji, akachora ziwa kubwa mno linalokwenda mbali sana. Kumbe mwisho wa ziwa haukuwa mbali na pale aliposimama. Mwitaliano Romolo Gessi alilizunguka kwa mashua mwaka 1876, akarudi na ziwa dogo kuliko lile la Baker.

Ramani ni kitu cha manufaa makubwa. Pasipo ramani wasafiri hupotea, na serikali hazijui mipaka yake. Lakini ramani haikushuka kutoka mbinguni. Imechorwa na mtu, na mtu yule alisimama mahali fulani, akaona aliyoyaona, akasikia aliyoyasikia, na mengine akayajaza kwa mawazo yake. Kitabu nacho ni vivyo hivyo. Leo twasimulia maisha ya mtu ambaye kwa ramani zake na vitabu vyake aliifanya nchi yetu ionekane machoni pa ulimwengu kwa namna fulani, na namna hiyo haijafutika bado. Ndiye Henry Morton Stanley, ambaye watu wa Kongo walimwita Bula Matari, yaani Mvunja Mawe.

Jina lake la kwanza halikuwa Stanley. Alizaliwa tarehe 28 Januari 1841 katika mji mdogo wa Denbigh, nchi ya Wales, magharibi ya Uingereza, akabatizwa John Rowlands. Mama yake alikuwa msichana asiyeolewa, naye hakumlea. Babu mzaa mama alimtunza, lakini mzee yule alipokufa mtoto akabaki mikononi mwa watu baki waliolipwa kumweka. Mwezi wa Februari 1847, alipokuwa na miaka 6, kijana mmoja wa nyumba ile alimshika mkono, akamdanganya kwamba wanakwenda kwa jamaa yake. Safari ikaishia mlangoni pa nyumba ya maskini ya St Asaph. Mlango ukafunguliwa, mtoto akaingizwa, mlango ukafungwa, na yule aliyemleta akaenda zake. John Rowlands akakaa humo miaka 9. Humo ndimo alimojifunza kusoma na kuandika, humo akaijua Biblia, na humo akapenda vitabu na ramani, maana mtoto asiye na nyumba hupata nchi nyingi katika karatasi.

Mwaka 1859 alifika New Orleans, Marekani, akiwa mtumishi wa merikebu, akaikimbia merikebu ile. Hapo alijitwalia jina la mfanyabiashara tajiri wa mji huo, Henry Hope Stanley. Katika kitabu cha maisha yake, ambacho mjane wake alikipiga chapa mwaka 1909, alisimulia kwamba tajiri huyo alimpenda, akamfanya mwanawe, akampa jina lake, kisha akafa upesi. Wachunguzi wa baadaye walipofungua hati za mji walikuta kwamba tajiri huyo aliishi mpaka mwaka 1878, wala hawakuona alama yo yote ya kumpokea kijana kuwa mwana. Tusimcheke. Mtoto aliyeachwa mlangoni alijiandikia baba ambaye hakupewa. Walakini tuliweke jambo hili moyoni mpaka tutakapofika Ituri: mkono ulioandika habari za msitu wetu ulikwisha kuzoea kuandika mambo kama ulivyotamani yawe.

Kijana akapigana katika vita ya Marekani, kwanza upande wa kusini, kisha, alipotekwa, upande wa kaskazini. Baadaye akawa mwandishi wa habari, na katika kazi hiyo akapata mahali pake.

Sasa yatupasa kueleza jinsi ramani ya Afrika ilivyokuwa siku zile. Zamani wachoraji wa Ulaya walijaza katikati ya bara letu falme, tembo na miji waliyoisikia katika hadithi. Mwaka 1749 Mfaransa d'Anville alikataa kufanya hivyo. Kila mahali alipokosa ushahidi alipaacha peupe. Alifanya kazi ya mtu mwaminifu, kwa maana weupe ule ulisema tu kwamba mchoraji hajui. Lakini watu walioitazama ramani yake, na zile zilizoifuata, walisoma neno jingine. Waliona peupe wakadhani hapana kitu, hapana watu, hapana mwenyewe. Mtoto mmoja wa Poland, ambaye baadaye aliitwa Joseph Conrad, aliweka kidole chake juu ya weupe ule akiazimu kwenda huko atakapokuwa mtu mzima. Naye alikwenda, akafanya kazi katika meli ya mto Kongo mwaka 1890, akaandika hadithi yake mashuhuri ya moyo wa giza mwaka 1899.

Pengine hata ramani isiyo kweli huwavuta watu. Wamisionari wawili wa Kiprotestanti, Erhardt na Rebmann, waliokaa Rabai karibu na Mombasa, waliwauliza wafanyabiashara wa pwani habari za bara. Mmoja alisema kuna ziwa huku, mwingine akasema kule, mwingine kule. Wao wakayaunganisha yote kuwa ziwa moja kubwa mno, lenye umbo la konokono asiye na nyumba. Ramani yao ilitolewa miaka ya 1855 na 1856. Wataalamu wa London waliicheka, na baada ya kuicheka wakawatuma Burton na Speke mwaka 1857 waende kuangalia. Ndivyo Wazungu walivyofika Tanganyika na Ziwa Victoria.

Stanley aliingia katika habari hii mwaka 1871. Gazeti lake la New York lilimtuma kumtafuta Daktari Livingstone, ambaye habari zake zilikuwa zimekatika. Alimkuta Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, mwezi wa Novemba mwaka huo. Salamu ambayo Stanley aliandika kuwa alimsalimu nayo imejulikana duniani pote, hata watoto wa shule huitaja kwa kicheko. Walakini katika daftari yake ya safari kurasa za siku ile zimechanwa. Hatuna ila kitabu.

Mwaka 1874 alirudi, safari hii kwa ajili ya ramani yenyewe. Alichukua mashua iliyokatwa vipande ikachukuliwa vichwani na wapagazi toka Bagamoyo mpaka Ziwa Victoria. Mwaka 1875 alilizunguka ziwa lile kwa siku 57, akathibitisha kwamba ni ziwa moja kama Speke alivyosema, si maziwa mengi madogo kama wengine walivyochora. Hiyo ilikuwa kazi njema, ya mtu anayetaka kujua. Lakini katika safari hiyohiyo, kisiwani Bumbireh, aliwapiga wenyeji risasi akiwa ndani ya mitumbwi, mbali na mishale yao, kulipa kisasi kwa fitina waliyomfanyia. Naye mwenyewe aliiandikia Ulaya habari hiyo kana kwamba ni jambo la kujisifia. Watu wa London waliposoma, wengi walichukizwa.

Karibu na wakati huo aliandika barua moja ambayo yatuhusu sana sisi. Alikuwa Buganda, kwa Kabaka Mutesa, mwezi wa Aprili 1875. Alizungumza naye habari za dini, akaona anasikiliza kwa hamu, akaandika kwa gazeti la London kwamba mfalme huyu yu tayari, wanaosubiriwa ni wamisionari tu. Mfaransa Linant de Bellefonds aliichukua barua kwenda kaskazini, naye akauawa njiani. Lakini barua ilifika, ikapigwa chapa mwezi wa Novemba. Waprotestanti walifika Buganda mwaka 1877, na Mapadri Weupe, Padri Lourdel na Bruda Amans, walifika mwezi wa Februari 1879. Je, walimkuta Mutesa wa barua? Hapana. Walikuta mfalme mwerevu aliyezungukwa na hatari, aliyetaka bunduki na marafiki, aliyesikiliza Waislamu asubuhi na Wakristo jioni, naye alikufa mwaka 1884 bila kubatizwa. Mutesa yule wa karatasi alikuwa ametengenezwa nusu na Mutesa mwenyewe na nusu na matumaini ya mwandishi. Hata hivyo kwa barua ile walikuja walimu, na kwa walimu wale walipatikana Karoli Lwanga na wenzake, mashahidi wa Namugongo wa mwaka 1886. Mungu huandika sawa hata juu ya mistari iliyopinda.

Kutoka hapo Stanley alishuka mpaka Nyangwe, kwenye mto Lualaba. Livingstone alikufa akidhani mto huo huenda ukawa Nile. Mwaka 1876, akisindikizwa nusu ya njia na Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa Zanzibar, Stanley aliufuata kwenda kaskazini. Ukapita maporomoko ya Kisangani, ukapinda magharibi, kisha kusini, ukivuka ikweta mara mbili, na tarehe 9 Agosti 1877 akafika Boma, karibu na bahari. Wenzake watatu Wazungu walikuwa wamekufa wote, na Wangwana wengi sana pamoja nao. Na kando ya mto kulikuwa na wafu wengi wa bunduki zao, ambao hakuna aliyewahesabu sawasawa. Stanley aliupa mto jina la Livingstone, lakini jina hilo halikushika. Mto ulikuwa na jina lake. Kila mvuvi aliujua mbele ya kijiji chake. Kilichokuwa kipya ni kuuona wote kwa pamoja juu ya karatasi moja, kama upinde. Kitabu cha safari hiyo alikitoa mwaka 1878, akaliita bara letu bara la giza. Bado watu waliulizana giza hilo lilikuwa la nani.

Kati ya waliokisoma alikuwamo Leopold wa Pili, Mfalme wa Ubelgiji. Huyu hakuikanyaga Kongo hata siku moja katika maisha yake yote. Aliijua kwa vitabu, kwa ramani na kwa barua, naye akaitamani kwa njia hiyo. Tangu 1879 hata 1884 Stanley alimfanyia kazi: alijenga vituo, akapata alama za machifu katika hati ambazo hawakuweza kuzisoma, akapasua miamba ili kutengeneza njia ya kupitisha meli zilizokatwa vipande. Ndipo alipopewa jina la Bula Matari, na baadaye wenyeji waliiita serikali yenyewe kwa jina hilo, kwa kuwa nayo ilivunja. Katika mkutano wa Berlin, ulioanza Novemba 1884 ukaisha Februari 1885, Stanley alikuwa mshauri wa wajumbe wa Marekani. Hapakuwa na mwenyeji hata mmoja wa Kongo. Ilikuwapo ramani.

Tutazame matokeo yake hapa kwetu. Mwaka 1885 Leopold aliyatangazia mataifa mipaka ya dola yake mpya, na upande wetu mpaka ulikuwa mstari wa longitudo wa 30, mstari ulionyoka toka kaskazini hata kusini, ambao hauonekani mahali po pote isipokuwa katika ramani. Mstari ule wapita kati ya Komanda na Bunia. Bunia iko karibu kilometa 30 mashariki yake. Maana yake, kwa ramani ile ya kwanza, mahali uliposimama leo mji wa Bunia hapakuwa ndani ya Kongo hata kidogo. Hapakuwa na mtu wa Ituri aliyejua kwamba amewekwa nje, wala kwamba baadaye, kwa mapatano ya Waingereza na Wabelgiji ya mwaka 1910 na 1915, aliwekwa ndani na mpaka ukapelekwa kwenye mto Semliki na katikati ya ziwa. Ng'ombe walikula majani yaleyale.

Sasa twafika safari yake ya mwisho, iliyomleta kwetu. Daktari mmoja Mjerumani, Eduard Schnitzer, aliyeitwa Emin Pasha, alikuwa liwali wa serikali ya Misri katika nchi za juu za Nile, naye alikatwa njia na vita ya Mahdi. Barua zake na za rafiki zake zilipopigwa chapa magazetini, Ulaya ilimwona kama shujaa aliyezungukwa, akingojea kuokolewa. Stanley akatumwa. Angeweza kupita mashariki, lakini alizunguka Afrika yote kwa meli, akapanda mto Kongo na Aruwimi, na tarehe 28 Juni 1887 aliondoka Yambuya kwa miguu na watu 389, kwenda mashariki mahali ambapo ramani ilikuwa nyeupe bado. Weupe ule ulikuwa msitu wa Ituri.

Walitembea siku 160 chini ya miti. Njaa iliwala, mishale yenye sumu iliwachoma, vidonda viliwaoza miguu. Walipotoka hawakutimia nusu. Wengine walikufa, wengine walitoroka, wengine waliachwa wagonjwa katika vituo vya wawindaji wa pembe. Mateso hayo yalikuwa ya kweli, wala si haki kuyapunguza. Lakini Stanley aliandika kana kwamba msitu wenyewe ndio uliowaua, kana kwamba miti ni adui na giza ni mnyama. Ninyi mnaokaa Mambasa, Epulu au Irumu mwajua kwamba watu wameishi humo tangu zamani, kwamba kuna mashamba ya ndizi na muhogo, kuna asali, nyama na samaki, na kwamba Wambuti huuita msitu baba na mama. Basi njaa ilitoka wapi? Wawindaji wa pembe na watumwa walikuwa wamekwisha kupita, wakachoma vijiji. Kisha ukaja msafara wa mamia ya watu wenye bunduki na bila chakula, ukichukua ndizi za kila shamba. Wenyeji wakakimbia na kuficha walivyo navyo, kama ye yote kwetu angalifanya. Na kikosi alichokiacha nyuma kule Yambuya kilikufa kwa makundi, kwa sababu, pamoja na maradhi na mapigo, watu wale walikula muhogo mchungu bila kuuloweka na kuutengeneza vema. Mama ye yote wa Ituri angaliwafundisha kwa siku moja. Hapakuwa na mtu wa kumwuliza, kwa kuwa walikuwa wamemfukuza.

Mwisho wa Novemba 1887 walipanda kilima kimoja, na kutoka huko wakaona mbuga za majani mbele yao. Stanley akakiita kilima kile Pisga. Wakatekumeni wanaokumbuka habari za Musa wataelewa. Musa alipanda mlima Nebo, kilele cha Pisga, akaonyeshwa nchi ya ahadi kabla ya kufa. Mtu aliyejifunza Biblia katika nyumba ya maskini alitoka gizani na kuona Kanaani, ndivyo moyo wake ulivyomwambia, na katika dibaji ya kitabu chake alikiri kwamba msituni alimwekea Mungu nadhiri. Hatuwezi kuhukumu sala ya mtu. Lakini jina lile lilikuwa na hatari ndani yake. Aionaye nchi ya wengine kuwa Kanaani hukaribia kuwaona wenyeji wake kuwa Wakanaani. Hazikupita siku 15 kabla hajapigana na watu wa Mazamboni, mkuu wa nchi ile ya majani, na kuchoma nyumba zao. Mwezi wa Aprili mwaka uliofuata walifanya udugu wa damu na Mazamboni yuleyule, naye akawa rafiki aliyewapa chakula. Adui wa Desemba na ndugu wa Aprili alikuwa mtu mmoja. Kilichobadilika ni kwamba walizungumza.

Tarehe 13 Desemba 1887 Stanley alisimama ukingoni mwa nyanda za juu, akaona Ziwa Albert chini, na mwisho wake wa kusini ukionekana wazi. Lile ziwa la Baker lisilo na mwisho halikuwako. Alimlaumu Baker kwa ukali. Tarehe 29 Aprili 1888 Emin alikuja kwake kwa meli ndogo, amevaa safi. Waokozi ndio waliokuwa na matambara, na mwokolewa ndiye aliyewapa nguo. Wala Emin hakuwa na hamu ya kuokolewa. Huyo hakuwa mtu wa magazeti.

Mwezi uliofuata, tarehe 24 Mei, kijana mmoja alimwonyesha mlima wa mbali ambao ulidhaniwa umefunikwa chumvi. Ilikuwa theluji ya Ruwenzori. Stanley mwenyewe alipata kupita karibu na milima hiyo mwaka 1876 asiione theluji, Baker hakuiona, mawingu huificha karibu kila siku. Banande na Wakonjo walioishi chini yake waliijua siku zote. Hapo Stanley alirudia vitabu vya kale. Ptolemayo wa Aleksandria, karibu mwaka 150 baada ya Kristo, alikuwa ameandika kwamba Nile hutoka katika Milima ya Mwezi, na wanajiografia Waarabu walimfuata. Stanley aliamua kwamba hii ndiyo ile, na jina hilo limekaa katika vitabu vingi, ingawa wataalamu hawajakubaliana mpaka leo. Mwaka 1889, akirudi pwani na Emin na watu wake, aliuvuka mto Semliki na kupita chini ya milima, akathibitisha kwamba mto huo hutoka Ziwa Edward na kumimina katika Ziwa Albert. Hapo ramani yake ilisema kweli. Tarehe 4 Desemba 1889 wakafika Bagamoyo. Mapadri wawili wa Kikatoliki, Girault na Schynse, walikuwa wamesafiri nao toka Ziwa Victoria.

Stanley alijifungia Cairo, akaandika mabuku mawili makubwa kwa siku 50 hivi. Yalitoka mwaka 1890, na jina lake lilipita lile la kwanza: sasa si giza tu, bali giza kuu kuliko yote. Giza hilo ni Ituri. Kitabu kilitafsiriwa katika lugha nyingi upesi. Mwaka huohuo Jenerali Booth, mwanzilishi wa Jeshi la Wokovu, aliandika kitabu juu ya maskini wa Uingereza, akaazima jina la Stanley, akafananisha vichochoro vya London na msitu wa Ituri, na maskini wake na Wambuti. Yaani watu ambao hawakupata kuiona Ituri walifundishwa kuwatazama hata jirani zao kwa miwani iliyotengenezwa hapa. Na wageni wengi waliokuja kwetu baadaye walikuja wakiwa wamekwisha kutuona ndani ya kitabu kile.

Jambo moja zaidi juu ya ramani. Katika mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya tarehe 1 Julai 1890 mlima uitwao Mfumbiro uliandikwa kuwa upande wa Waingereza, hata mpaka ukilazimika kupinda kwa ajili yake. Speke alikuwa ameiona vilele vya mbali mwaka 1861, akaandika jina hilo, na Stanley aliuweka mlima huo katika ramani yake. Wapimaji walipofika hawakuukuta mlima wa namna ile. Palikuwa na safu ya volkano za Virunga, na mahali pengine kuliko ilivyochorwa. Ugomvi juu ya mlima wa karatasi uliendelea miaka 20, mpaka mkutano wa Brussels wa mwaka 1910 ulipougawanya.

Stanley alioa mwaka 1890 katika kanisa la Westminster, akaingia bungeni mwaka 1895, akapewa cheo cha heshima na Malkia mwaka 1899. Wakati huohuo habari za mikono iliyokatwa na vijiji vilivyochomwa kwa ajili ya mpira zilikuwa zikitoka katika dola ya Leopold. Alifariki London tarehe 10 Mei 1904. Alitaka kuzikwa Westminster karibu na Livingstone, lakini mkuu wa kanisa hakukubali. Alizikwa kijijini Pirbright, chini ya jiwe kubwa lisilochongwa sana. Juu yake limeandikwa jina la Stanley, na jina la Bula Matari, na miaka yake, na neno Afrika. Jina la John Rowlands halimo.

Stanleyville uliitwa Kisangani mwaka 1966, na sanamu yake iliondolewa katika mlima wa Ngaliema, Kinshasa, mwaka 1971. Katika Ruwenzori mlima mrefu kuliko yote, wenye kilele cha mita 5,109, ungali unaitwa Mlima Stanley. Huko Denbigh, alikozaliwa, watu walisimamisha sanamu yake mwaka 2011, akinyosha mkono kusalimu. Mwaka 2021 waliulizwa kwa kura kama ibaki au iondolewe, na wengi wa waliopiga kura wakataka ibaki.